Ndoo za Mguu wa Kuku

Habari ilifika saa tatu asubuhi, kabla hata chai haijamiminwa. Flavia, meneja wa ghala la ushirika wa wafuga nyuki, aliingia ofisini na karatasi ya maabara mkononi, akaiweka mezani kwa Yoramu bila kukaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

"Soma mwenyewe."

Yoramu akavaa miwani. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, karani wa kumbukumbu wa ushirika huo, na karatasi yoyote aliisoma mpaka nukta ya mwisho hata kama mtu kamsimamia kichwani. Sampuli ya asali kutoka kitongoji cha Mlimangombe ilikuwa imekutwa na dawa ya kuulia wadudu wa tumbaku. Sampuli za vitongoji vingine vyote zilikuwa safi.

Akarudia kusoma. Mlimangombe ndiko alikotundika mizinga yake mwenyewe. Alikuwa ameleta ndoo nne, na mkewe Martha alishazigeuza kichwani kuwa mabati ya jikoni.

"Mkaguzi wa mnunuzi anafika saa nane," Flavia alisema. "Lori lile pale nje. Kila ndoo ya Mlimangombe lazima iwe imeandikwa ZUIA kwenye kompyuta kabla hajakanyaga hapa. Orodha ya mkono haitaki, anataka ile inayotoka kwenye mashine. Na mkataba unaujua kuliko mimi."

Aliujua kwa moyo. Ndoo zilizozuiwa hupelekwa kupimwa upya moja moja, na zikionekana safi hupokelewa baadaye. Lakini zikizidi moja ya tano ya mzigo, mzigo mzima unakataliwa. Ghalani kulikuwa na ndoo mia nne na kumi na mbili, kwa hiyo mwisho wa kuzuia ulikuwa themanini na mbili. Ya themanini na tatu ingerudisha nyumbani jasho la msimu mzima la kaya karibu mia mbili, kuanzia Ipole hadi Ulyankulu. Mwaka jana mzigo ulikataliwa kwa sababu ya maji mengi ndani ya asali. Mnunuzi alikuwa ameshasema kwamba akikataa mara ya pili hatarudi tena Tabora.

"Nusu saa," Yoramu alisema. "Hiyo ni amri moja tu."

Neno likishatoka halirudi.

Alikuwa na sababu ya kujiamini. Alimaliza darasa la saba akaingia porini na shoka na mizinga, na alipofika miaka arobaini na sita akaanza masomo ya jioni. Kila siku akishafunga stoo ya ushirika alipanda baiskeli mpaka chumba kimoja nyuma ya kanisa, ambako mwalimu Abbasi alifundisha kompyuta. Vijana wa darasa lile walimwita Babu Kibodi. Siku ya mtihani Babu Kibodi aliwapita wote kasoro mmoja. Daftari lake la masomo yale lilikuwa bado mezani, limevikwa gazeti, na kila ukurasa una tarehe.

Ndani ya mashine kulikuwa na rejista mbili. Ya kwanza iliitwa ndoo, nayo ilishika namba ya kila ndoo, alama ya mwenye asali, na hali ya ndoo, SAFI au ZUIA. Ya pili iliitwa wafugaji, nayo ilishika jina la mwanachama, alama yake na kitongoji anakotundika mizinga. Rejista ya ndoo haikujua asali imetoka pori gani. Ya wafugaji ilijua. Kazi ilikuwa kuziunganisha hizo mbili kwa alama, kisha kubadili hali za ndoo za Mlimangombe zote kwa mpigo. Yoramu akafungua daftari, akaweka kidole kwenye mfano wa mwalimu Abbasi, akaandika:

UPDATE ndoo SET hali = 'ZUIA' FROM ndoo JOIN wafugaji ON ndoo.alama = wafugaji.alama WHERE kitongoji = 'MLIMANGOMBE';

Akabonyeza. Mashine ikajibu kwa kosa namba 1064, kwamba amri imepangwa vibaya, karibu na neno FROM.

Akadhani ameruka herufi. Akaandika upya, taratibu, huku midomo ikicheza kama mtu anayesali. 1064. Akaondoa alama za kunukuu akazirudisha. 1064. Akazima mashine akaiwasha, jambo ambalo mwenyewe huwakataza wengine. 1064, karibu na neno lilelile.

Saa nne ikapita. Jua la Oktoba likaanza kuyaimbisha mabati. Nje ya dirisha wafugaji waliokuja kushuhudia upakiaji walikaa juu ya magunia matupu na kwenye keria za baiskeli zao, na habari ilikuwa imeshawafikia.

"Eti mashine imegoma," mmoja alisema.

"Haijagoma. Inasubiri Yoramu amalize kuisalimia."

"Si alisema nusu saa? Nusu saa ya Yoramu hata mimba inazaliwa."

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi.

Flavia akaingia tena. "Mzee, tuanze kwa mkono? Moja moja?"

"Ndoo mia nne na kumi na mbili, kila moja uitafutie mwenyewe kwenye rejista ya pili? Magharibi itatukuta hapahapa."

"Basi mpigie Nurdini."

Nurdini ndiye fundi aliyewawekea programu hiyo. Miaka mitatu iliyopita, mbele ya bodi nzima, Yoramu alikuwa amemwambia, "Wewe nenda salama, hatutakusumbua." Sasa neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa perege. Akajaribu amri mara nne nyingine kabla hajakubali kushika simu, na ilipofika saa tano na robo akapiga. Sauti ya kike ikamwambia kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Nurdini alikuwa safarini kwa treni, huko mbele ya Kaliua, ambako mtandao huonekana na kupotea. Akapiga tena. Akapiga mara saba. Jasho lilimtoka mgongoni mpaka shati likagandana na kiti.

Ndipo akafanya jambo ambalo hakulifanya tangu asubuhi. Aliacha kuandika, akasoma jibu la mashine kama anavyosoma karatasi nyingine, mpaka nukta ya mwisho. Muda wote alilichukulia kama tusi. Kumbe lilikuwa linamwonyesha mahali. Karibu na FROM, maana yake mpaka hapo mashine ilikuwa inamfuata, na ilipofika FROM ikampoteza.

Akageuza daftari, akatazama jalada la ndani. Kwa mwandiko wake mwenyewe, miaka kumi na mitano nyuma, alikuwa ameandika jina la programu waliyosomea. Haikuwa MySQL, ambayo ndiyo ya ushirika. Ilikuwa nyingine. Mfano wa mwalimu Abbasi haukuwa na kosa, ila ulikuwa wa nyumba ya jirani.

Basi hii ya kwetu inataka nini? Akafikiri jinsi washenga wanavyoingia kwa watu. Hawaanzi na shida. Kwanza wanataja wametoka nyumba gani na wamefika nyumba gani, na nyumba hizo zinahusianaje. Shida inakuja baadaye. Akaandika rejista zote mbili mwanzo, kisha kiungo chao, kisha badiliko, na sharti mwishoni:

UPDATE ndoo JOIN wafugaji ON ndoo.alama = wafugaji.alama SET hali = 'ZUIA' WHERE kitongoji = 'MLIMANGOMBE';

Kosa jingine, lakini halikuwa 1064! Mashine sasa ilisema hali haieleweki ni ya wapi. Yoramu akapiga paja. Kweli, rejista ya wafugaji nayo ilikuwa na safu iitwayo hali, inayoonyesha kama mwanachama yu hai au amefariki. Angeweza kuwazuia watu badala ya ndoo. Akaandika ndoo.hali, akabonyeza, na amri ikapita.

Ndoo zilizobadilika zilikuwa 131.

Flavia, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alianza kupiga makofi, mikono ikasimama hewani. "Mia moja thelathini na moja?"

"Haiwezekani. Mlimangombe hawafiki tisini."

"Mwisho ni themanini na mbili, mzee."

"Najua mwisho!" Ilikuwa mara ya kwanza kumpandishia sauti. Akafungua orodha, akashuka nayo. Kwenye ndoo namba 305 akasimama. Ndoo hiyo aliipokea kwa mikono yake kutoka kwa mdogo wake Renatus, siku Renatus aliposhuka na treni ya Kaliua. Renatus hajawahi kutundika mzinga Mlimangombe. Anatundika Kaliua tangu alipooa huko. Chini yake ndoo nyingine ya Renatus, na nyingine. Tisa zote zimeandikwa ZUIA.

Yoramu akavua miwani. Alielewa, na kuelewa kulimuuma kuliko kutoelewa.

Ukoo wao una alama moja, mguu wa kuku, mikwaruzo mitatu inayokutana chini. Ilikuwa ya babu wa babu yao, mpagazi, aliyeichora kwenye mzigo wake ili usichanganyike na ya wenzake kambini, njia ya kwenda Ujiji na kurudi. Alipoacha kubeba mizigo akaichonga kwenye mizinga. Baba huiacha kwa wanawe. Mtoto wa kwanza huichonga na mkato mmoja chini yake, wa pili mikato miwili, na kuendelea. Koo nyingine zina desturi hiyohiyo. Porini hakuna anayekosea mzinga wa kaka na wa mdogo mtu.

Lakini Nurdini alipokuwa anaunda rejista aliuliza, "Mzee, tuwape wanachama namba?" Na Yoramu akajibu mbele ya bodi, "Namba za nini? Alama ndiyo jina la mtu. Hapa hakuna wawili wenye alama moja." Hata stakabadhi ziliandikwa alama tu. Alipokaa kuingiza majina akaona kwenye kibodi hakuna kitufe cha mkato. Akaandika MGUU WA KUKU kwa wote, yeye na Renatus, akasonga mbele. Sasa mashine ilifanya alichoiambia. Ilimkuta Yoramu wa Mlimangombe ana mguu wa kuku, ikazuia kila ndoo yenye mguu wa kuku, popote ilikotoka.

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika kumi.

"Mzee," Flavia alisema kwa sauti ya chini, "niwaambieje watu?"

"Usiwaambie. Nitawaambia mimi."

Akatoka. Mlango wa ofisi mpaka kwenye magunia ni hatua ishirini, na hakuna aliyewahi kumwona Yoramu akizitembea polepole namna ile.

"Ndugu zangu, mashine haina kosa. Kosa ni langu. Mikato yenu sikuiandika. Nimewaunganisha kaka na mdogo kuwa mtu mmoja, wa Mlimangombe na wa kwingine, na sasa ndoo safi zimefungwa pamoja na chafu. Tukiacha hivi, lori linaondoka tupu."

Mzee mmoja akatema mate pembeni. "Kwa hiyo shule yote ile ya jioni, Yoramu, ukasahau mkato wa baba yako?"

Aliyejibu alikuwa Nsabimana. Alikuwa mfugaji wa Ulyankulu, mtu mrefu wa makamo, ambaye wazazi wake walikuja kutoka Burundi.

"Mimi sina wa kuchanganyika naye," alisema. "Nilipoanza mizinga, wazee wenu waliniambia nitafute alama ambayo hakuna aliye hai anayo, wala aliyekufa. Nikatafuta mwezi mzima! Basi kwa kutafuta nikazijua zenu zote, na mikato yake. Mifuniko ya ndoo si ina rangi? Mtu si amechora alama yake na mkato wake?"

"Wamechora," Yoramu alisema.

"Sasa tunakaa juu ya magunia tunangoja nini?"

Wakaingia ghalani kama nyuki walioguswa. Nsabimana na wenzake walipita safu kwa safu wakisoma mifuniko, sauti zikigongana kwenye mabati. "Mia na sita, mguu wa kuku, mikato miwili!" "Mia na nane, mkuki, mmoja!" "Huo si mkato, ni uchafu wa kidole chako, futa uone!" "Haya basi, hauna mkato, ni wa baba mtu!" Flavia aliandika kwenye karatasi na kuzikimbiza ofisini. Huko Yoramu alikuwa amerudisha ndoo zote kuwa SAFI, na katika kila rejista ameongeza safu mpya iitwayo mkato. Kila mahali aliweka sifuri, kisha akaanza kuingiza mikato kama ilivyoletwa, ya ndoo kwanza, ya wenyewe baadaye. Mara mbili aliandika namba ya ndoo mahali pa mkato, mara mbili akafuta. Kila gari lililopita barabarani lilimfanya atazame dirishani.

Saa saba na nusu akaandika tena, safari hii na kiungo cha pili:

UPDATE ndoo JOIN wafugaji ON ndoo.alama = wafugaji.alama AND ndoo.mkato = wafugaji.mkato SET ndoo.hali = 'ZUIA' WHERE wafugaji.kitongoji = 'MLIMANGOMBE';

Akabonyeza akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua, ndoo tisa za Renatus zilikuwa SAFI. Hesabu ya chini ilisema 85.

Flavia akakaa chini, sakafuni palepale, na karatasi zake mapajani. "Tatu," alisema. "Zimezidi tatu tu. Mungu wangu."

Yoramu alipitia orodha mara mbili. Hakukuwa na kosa tena. Zote themanini na tano zilikuwa za Mlimangombe kweli. Nje breki zililia, mlango wa gari ukafungwa, na sauti ya mwanamke ikawasalimia wafugaji. Recheli, mkaguzi, alikuwa amewahi.

"Kuna kifungu cha tisa," Yoramu alisema.

Flavia akamtazama. Kifungu hicho kiliruhusu mwanachama kuondoa ndoo zake kwa saini yake mwenyewe kabla ukaguzi haujaanza. Zikiondolewa haziwi tena sehemu ya mzigo. Lakini haziendi kupimwa upya na hazipokelewi tena msimu huo. Za kitongoji chenye dawa humwagwa.

"Nikiondoa tatu," alisema, "zinabaki themanini na mbili katika mia nne na tisa. Bado zimezidi, kwa ndoo moja. Nikiondoa nne zinabaki themanini na moja katika mia nne na nane. Zinapita."

"Mzee, za kwako zinaweza kupimwa zikaonekana safi. Ngoja niwaulize wenzako, huenda mtu—"

"Muda wa kumbembeleza mtu niliutumia asubuhi nikibishana na mashine. Kama ningempigia Nurdini mapema ungewaita wenyewe wote, mkakubaliana. Sasa ndoo pekee zisizoomba ruhusa ni zangu. Lete fomu."

Akasaini. Alitoka akamweleza Recheli yote, bila kuficha, hata mia moja thelathini na moja ile. Recheli alikuwa msichana wa kuweza kuwa binti yake, mwenye kalamu sikioni. Alisikiliza mpaka mwisho, akaisoma fomu, akatazama saa yake.

"Sijaanza kukagua bado," alisema. "Zitoe sasa hivi, baba, na kwenye mashine zisionekane. Nikikuta hata moja, nimeanza."

Yoramu alizibeba mwenyewe. Kilo ishirini na tano kila ndoo, moja mkono huu na moja mkono huu, safari mbili. Nsabimana alipotaka kumpokea alitikisa kichwa. Akazipanga nje chini ya dirisha, mifuniko juu, mguu wa kuku na mkato mmoja, mara nne. Kisha akarudi kwenye kiti.

DELETE FROM ndoo WHERE alama = 'MGUU WA KUKU' AND mkato = 1;

Hapa hapakuwa na cha kuunganisha. Mashine iliikubali mara ya kwanza.

Lori lilianza kupakiwa saa tisa. Yoramu hakutoka kulitazama. Simu ikatetemeka mezani.

"Shikamoo, mzee Yoramu," Nurdini alisema, na nyuma yake treni ilikuwa ikigonga reli. "Naona umenipigia mara saba. Kuna nini?"

Yoramu alitazama dirishani. Nyuki walikuwa wameshazigundua ndoo zake. Walizunguka mifuniko, wakitua kwenye rangi na kuruka tena.

"Marahaba," alisema. "Nurdini, mwanangu. Ukirudi, pitia hapa. Tuwape wanachama namba."

"Sawa, mzee. Na hilo ndilo la kunipigia mara saba?"

"Ndilo," Yoramu alisema, akakata simu ili aanze kufikiri atakavyomweleza Martha.